Mkono Uliorudi Nyuma

Kiberiti kilikwaruza jikoni, kikazima. Kikakwaruza tena. Njiti zilikuwa zimeshika unyevu na alfajiri ya Kitale ilikuwa na baridi kali, lakini Nakhungu hakuacha mpaka moto ulipokubali. Mjukuu wake Nangila hangeenda Bungoma bila chai tumboni.

"Kukhu, wewe pia unywe," Nangila alimwambia nyanya yake. Macho yalikuwa yamemvimba. Hakuwa amelala.

Nafasi yake chuoni, ya kusomea mipango ya miji na utumishi wa umma, ilikuwa inaisha jioni hiyo. Chuo kilitaka kila mwanafunzi awe na afisa wa umma wa kumlea kikazi, wa kumpokea ofisini kila likizo. Maafisa wa Kitale walimwambia arudi kesho, kisha kesho kutwa, kisha wakaacha kushika simu. Alibaki mmoja tu, Bwana Mukhisa, afisa wa mipango ya mji kule Bungoma. Hawakumjua. Walikuwa wamesikia jina tu.

Jirani yao, Mama Kizito, akaingia na viatu mkononi.

"Vaa hivi. Utaingia aje kwa ofisi ya watu na vidole nje?"

Nakhungu alivipokea kwa mikono miwili. "Mungu akubariki. Jana ulipotelea wapi?"

"Si mkwe wangu alikuja! Nimeshinda jikoni kama kuku anaatamia. Yeye anakula sebuleni, mimi namsalimia kwa ukuta. Nikichungulia kidogo, binti yangu anaruka, 'Mama, rudi!' Ati heshima, mama mkwe na mkwe wasionane. Na vile nilitaka kuona kama amenenepa, bana!"

Nakhungu akacheka. Ilikuwa siku nyingi hajacheka.

Ofisini Bungoma walikaa kwenye benchi mpaka jua likahama dirisha. Nangila alikuwa akinong'ona maneno atakayosema, anayasahau, anaanza upya.

"Akikataa je, Kukhu?"

"Kunywa maji," Nakhungu akasema. Akamsogezea chupa.

Hatimaye Jelagat, katibu wa afisa, akawaingiza. Bwana Mukhisa alisimama, mtu wa uso mchangamfu, mvi zimeanza kumwingia. Alimpa Nangila mkono, akaugeuza kumnyooshea Nakhungu.

"Karibuni sana. Nyinyi ni wa wapi?"

"Kitale, bwana. Naitwa Nangila. Mama yangu alikuwa Roselyne, na huyu ni mama yake, ndiye amenilea."

Mkono ukasimama hewani. Kisha ukarudi nyuma, ukajificha mgongoni. Uchangamfu ukamtoka usoni. Mtu yule alitazama sakafu, akarudi kinyumenyume mpaka mabega yakagusa ramani ya mji ukutani.

Nakhungu alitazama mkono wake mwenyewe, uliobaki peke yake. Ulikuwa mkono wa jembe, una nyufa. Akauingiza ndani ya leso aliyojitanda.

Nangila aliona, lakini angefanya nini? Aliendelea. "Tunakaa nyuma ya posho mill, pale pa kusagia unga, bwana. Mama aliposhikwa na uchungu wa kunizaa, gari la hospitali lilishindwa kuingia. Nyumba zimebanana. Wakambeba kwa wilibaro. Mimi nilipona, yeye hakupona. Nataka nijue vile mji unapangwa, gari liwe linafika mlangoni."

"Hiyo njia," Bwana Mukhisa aliuliza, macho bado sakafuni, "inapinda bado pale kwa kisima?"

"Bado, bwana."

Watu wa ramani hawa, Nakhungu akawaza, wanajua hata vichochoro vya Kitale. Lakini huruma hawana. Alimsikia Nangila akivuta pumzi kwa shida. Akaona basi, hata aibu ina mwisho wake. Akapiga magoti.

"Baba, nakuomba. Huyu mtoto hana mtu mwingine. Roselyne aliondoka hata jina la baba ya mtoto hakunitajia."

Bwana Mukhisa alijifunika uso kwa kiganja. Akapita akiambaa ukuta, mbali naye, kana kwamba sakafu karibu na mama mzee ilikuwa makaa. Akatoka na kufunga mlango.

Nangila akaangua kilio. "Twende nyumbani, Kukhu. Imeisha."

Ni Jelagat aliyeingia akamwinua Nakhungu, akampangusa vumbi magotini kama vile angempangusa mama yake. Akaleta chai na mkate. Nakhungu alionja, akakuta sukari imeshatiwa ya kutosha. Hata mahali pa kukataliwa, akawaza, Mungu anaweka mtu mmoja mwema.

"Ni yeye amesema mnywe," Jelagat akasema. "Sijui ana nini leo. Amesimama tu hapo kwa korido, analia. Lakini amepigia chuo simu. Nangila, yeye ndiye atakuwa mlezi wako. Wameshakupokea."

Nangila alimrukia Jelagat shingoni, kikombe kikaanguka, na hakuna aliyejali. Nakhungu alikwenda mlangoni kutoa shukrani. Alisukuma. Mtu alikuwa ameushika kutoka upande wa pili, kwa upole.

"Usifungue, mama," sauti ikasema. "Nilikuwa kijana, niliogopa kuja kwako mikono mitupu. Ng'ombe za mahari ya Roselyne zimechelewa sana. Lakini nitazileta."

Nakhungu aliuachilia mlango. Akavuta leso mpaka ikamfunika uso, akaupa mlango mgongo.

"Nitakuwa jikoni," akasema kupitia mbao. "Uje. Halafu uje tena."