Kidole cha Mwashi

"Bonyeza tena, fundi," afisa mikopo alisema. "Usiogope, hakiumi."

Fundi mwashi akakibandika kidole gumba juu ya kioo cha mashine. Taa ikawaka nyekundu. Miaka ya kushika saruji kwa mikono mitupu ilikuwa imekila kidole kile kikabaki laini kama kokoto ya mtoni, bila mstari hata wa dawa.

Kimoyomoyo alishukuru. Amewajengea watu nyumba mpaka mgongo umepinda, na leo ndiyo mara ya kwanza anaomba mkopo wa nyumba yake mwenyewe. Mashine ikimsoma tu, madeni yake yote yatajianika kwenye skrini, likiwemo lile la siri alilochukua kujazia malipo ya awali. Na mkewe, aliyeketi ubavuni pake, anaamini mumewe hadaiwi hata senti.

Akabonyeza tena. Nyekundu.

"Mashine imekukataa, mzee," afisa akacheka. "Basi tuanze na mama. Mkopo si wa wote wawili?"

Fundi akashusha pumzi. Mkewe ni mtu wa hesabu. Hajawahi kukopa hata chumvi kwa jirani.

Lakini mkono wa mkewe haukutoka chini ya mkoba.

"Na mimi kidole changu hakisomeki," alisema taratibu, macho sakafuni. "Tangu zamani."

Fundi akamgeukia. Kila asubuhi mkewe hufungua mlango wa ofisini kwao kwa kidole hichohicho.