Skrini Iliyopepesa

Kila walipocheza mchezo wa mashindano ya magari kwenye kompyuta, Zamda alilalamika kwamba skrini inapepesa na kumuumiza kichwa. Mumewe, Kibwana, alimwona msumbufu. Siku moja waligombana kwa hilo, akamwambia, "Sema tu umechoka kukaa na mimi." Zamda akarudi kwao.

Leo, akiwa peke yake, Kibwana aliitazama skrini kwa makini. Kweli ilipepesa. Akazima mpangilio unaobadilisha kasi ya skrini kuonyesha picha kufuatana na mchezo, na picha ikatulia tuli.

Akampigia Zamda simu. "Mke wangu, ulisema kweli. Nimeitengeneza."

"Alhamdulillahi," Zamda alijibu kwa upole. "Haya, wewe cheza tu."

Akakata simu. Kwenye skrini magari mawili, la Kibwana na la Zamda, yalingoja mstarini, yakinguruma.