Kilo Ishirini za Shilingi

Kila mtu aliruhusiwa kumiliki vitu vya kilo sitini tu. Mzee Kihiyo alikuwa na sarafu elfu nne za shilingi, chenji za sokoni tangu alipooa. Hazikununua kitu tena, lakini alizipanga kwa miaka katika trei za mayai.

Mpimaji alipoleta mizani, mzee alizidisha kilo ishirini, uzito wa sarafu zile.

“Ziandike kwangu,” mkewe akasema. “Chukua cherehani yangu badala yake.”

“Mama Sekela, utashonea nini?” mzee akamuuliza.

“Mikono ninayo.”

Jioni alishona kwa mkono. Mzee alimtungia uzi kwenye sindano, kisha akaziweka trei pale palipokuwa na cherehani.

Tangazo la mwaka uliofuata lilisema kilo arobaini kwa kila mtu. Walilikunja, wakasogeleana.