Chumba Kimoja kwa Watu Wanne

Hoteli ya saba ilipokea simu baada ya mlio wa nne.

"Naulizia bei ya siku mbili, wiki ijayo," alisema mpiga pasi. "Tunakuja kwenye bustani ya michezo. Nipe ya chini kabisa mliyo nayo."

Alikuwa ametoka kwa dobi saa tisa, baada ya kunyoosha mashuka mia na arobaini ya watu wengine, na miguu yake ilikuwa imevimba hadi vifundoni. Salio la simu lilikuwa linaelekea kwisha. Aliongea kwa kifupi, kama alivyoongea na hoteli sita zilizotangulia.

"Mko wangapi, dada?" aliuliza mpokea wageni, mwanamke mwenye sauti ya taratibu.

"Wanne. Mimi na mume wangu, na Babu na Bibi."

"Karibuni sana. Hapo ni vyumba viwili."

"Kimoja kinatutosha."

"Kimoja? Wewe na mumeo, pamoja na Babu na Bibi?"

"Mbona nyumbani tunalala chumba kimoja."

"Dada, hapa siwezi kukuandikia hivyo. Mambo mengine yana heshima zake."

Mpiga pasi alifumba macho. Hoteli zote saba zilikuwa zimeng'ang'ania vyumba viwili, na sasa aliamini kwamba ni mbinu yao ya kuuza vitanda.

Kwenye kochi, Babu alikuwa amelala chali, mdomo wazi, kipara kimelowa jasho. Usiku uliopita alikuwa amemwamsha mpiga pasi mara tatu. Bibi alikuwa amekaa dirishani tangu asubuhi, kitambaa kichwani, mkoba magotini, kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Alishaambiwa kwamba safari ni wiki ijayo. Kila baada ya dakika chache aliuliza upya.

"Leo?"

"Bado, Bibi."

"Babu anatembea?" mpokea wageni aliuliza.

"Hatembei. Tunambeba."

"Na chakula?"

"Hana meno. Anakula vilivyopondwa. Nepi nitakuja nazo mwenyewe, msiwe na wasiwasi."

"Pole sana, dada. Si kazi ndogo hiyo."

"Nimeshazoea."

"Na zile mashine za bustanini ataziweza kweli? Zinapindua watu kichwa chini."

"Babu haogopi kitu. Bibi ndiye wa kushikwa mkono. Akiona watu wengi anajiondokea tu, hasemi anakokwenda."

Mpokea wageni alicheka. "Huyo ni Bibi wa mjini. Basi nitawapa vyumba vya chini, ngazi hakuna. Bafu lina vyuma vya kushikilia, na kiti cha magurudumu nitakitafuta. Nikushikie kwa jina gani?"

"Andika Babu na Bibi tu. Hapa kwetu hakuna anayewaita vingine."

Kisha akatajiwa bei. Ilizidi walichokuwa nacho kwa karibu robo. Mpiga pasi aliiandika nyuma ya bahasha, chini ya zile sita, akapiga mstari juu yake.

"Acha kwanza," alisema. "Asante."

Mumewe, dereva wa lori, alikuwa amekaa kizingitini akifungua kamba za viatu. Alikuwa amepewa likizo ya siku nne, ya kwanza katika miaka mitano, na msimamizi wake alishamwambia asitegemee nyingine karibuni.

"Nao vyumba viwili?"

"Viwili."

"Basi nenda wewe na Bibi. Mimi nibaki na Babu."

"Likizo yako, halafu ubaki nyumbani?"

"Nitalala. Nilivyo sasa, hata wakinipandisha kwenye lile gurudumu lao nitasinzia nikiwa juu, washindwe kunishusha."

Hakucheka, na mkewe pia hakucheka.

"Tuache tu," alisema mpiga pasi.

Alitegemea mumewe abishe. Dereva aliweka kiatu kimoja kando ya kingine, akavisogeza vikalingana.

"Nani atamwambia Bibi?"

Hilo halikuwa swali. Mpiga pasi alikwenda dirishani, akachuchumaa, akamvua vile viatu na kumvalisha upya, kila kimoja mahali pake. Ilimchukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Bibi, hatuendi tena."

Bibi hakulia. Alifungua mkoba, akatazama ndani, akaufunga.

"Kesho?" aliuliza.

Simu ililia. Ilikuwa ile sauti ya taratibu.

"Dada, ni mimi wa hotelini. Sikupata raha ulivyokata simu. Mtu anayewahangaikia wazee namna hiyo, mimi nimwache hivihivi? Nimemfuata meneja. Kuna punguzo huwa hatulitangazi, nusu bei kwa waliotimiza miaka sabini. Babu na Bibi wakiwa wamefika hapo, mtavimudu vyumba vyote viwili. Fomu ninayo mkononi. Nitajie umri wao tu."

Mpiga pasi aliinuka polepole. Kizingitini, dereva aliacha kuchua nyayo, akamtazama.

"Umri wa nani?"

"Tuanze na Babu."

"Babu anatimiza miezi tisa Jumanne," alisema mpiga pasi. "Bibi ndiye mkubwa. Ana miaka minne."