Duara Topeni

Duara lilikuwa pale tena, limechapwa topeni hatua mbili kutoka majini. Lilikuwa na upana wa kitako cha pipa.

Fundi saa alizima kamera kabla haijaliona. Akachutama, akaligusa kwa kidole. Tope lilikuwa bado bichi. Mtu alikuwa amesimama hapa asubuhi hiyohiyo, mahali ambapo kwa miaka sita hakuwa amemwonyesha binadamu yeyote. Hiki kilikuwa kituo chake cha tatu kuingiliwa ndani ya mwezi mmoja.

Wala haikuwa kwamba alikuwa mzembe. Watazamaji wake elfu thelathini wa mtandaoni, waliomwita Profesa, waliijua mikono yake, kofia yake na sauti yake ya kukwaruza, lakini hakuna aliyewahi kuona mti, kilima wala kona ya mto nyuma yake. Hata sauti za ndege alizifuta, akabandika za ndege wa mahali pengine. Walipomwuliza anavulia wapi, aliwajibu, "Majini." Nyumbani mambo yalikuwa yaleyale. Mkewe hakuambiwa aendako. Aliagizwa chambo tu, minyoo siku hii, donge la unga siku ile, akaelezwa na saa ya kurudi.

Alitupa ndoana. Perege wanne walikuja upesi, wanene, lakini hakutabasamu. Mwaka uliopita alikuwa amekaa wiki saba bila kuambulia hata kidagaa. Watazamaji walimbatiza Bwana Ndoana Tupu, naye akajifungia chumbani, hanyoi, hali, akiutazama ukuta. Kisha samaki wakarudi, na yeye akarudi pamoja nao. Sasa mtu alitaka kumrudisha ukutani.

Jioni alimkuta shemeji yake mezani. Huyu alikuwa mdogo wa mkewe, mfuga samaki mwenye mabwawa matatu na pikapu iliyonuka shombo kuliko soko.

"Shemeji, leo umepata?"

"Wanne. Kwa nini unauliza?"

"Nauliza kama watu wanavyouliza. Au nikuulize habari za mvua?"

"Niulize mimi. Mabwawa yako hayapungukiwi msimu wowote. Samaki unawatoa wapi?"

Shemeji alimtazama dada yake. Dada aliitazama sahani.

"Wanazaana, shemeji. Nilidhani hayo mlifundishwa shuleni."

"Nimekuta alama ya pipa pale ninapovulia. Kuna mtu anawazoa samaki wangu."

"Wako? Uliwapeleka kliniki lini?"

Mkewe alikohoa. "Baba watoto, samaki si unawapata? Basi hayo mengine yaache."

"Nawapata kabla hajawamaliza!" Akapiga meza hata vijiko vikaruka. "Nitamshika. Na awe ndugu wa nani, nitamwonyesha kwa kila mtu."

"Kula, chakula kinapoa," mkewe alisema, bila kuinua uso.

Ule mtazamo wa ndugu wawili ulimkwama rohoni kama mwiba wa samaki. Alipomaliza kula alikuwa amekwisha kuamua. Angekitoa mhanga kituo kimoja, mwizi naye aumbuke.

"Nikandie donge la unga," alimwambia mkewe. "Nalala kwa kaka. Kesho saa tatu nitakwenda kuvua moja kwa moja kutoka huko."

Alikuwa akitumia donge la unga mahali pamoja tu, kwenye dimbwi la matete; aliyejua chambo angeweza kujua na mahali. Alilipokea likiwa limefungwa vizuri, akaondoka bila kuaga vyema.

Kulipopambazuka alikuwa tayari amejibanza katikati ya matete, maji yakimfika magotini. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii, aliiinua kamera mpaka kilima kikaonekana, na njia, na ukingo wote. Akabonyeza kitufe cha kurusha matangazo ya moja kwa moja.

"Ndugu watazamaji," alinong'ona, "leo hatuvui samaki. Leo tunamvua mwizi."

Wakaja mia mbili, kisha elfu moja, kisha elfu tisa. Maneno yao yalipanda kwenye kioo kama mapovu. Mshike, Profesa! Usimwache! Mwonyeshe sura!

Pikapu iliingia ikiwa imezimwa taa. Shemeji alishuka, akanyoosha mgongo, akaangaza huku na huku. Fundi saa aliuma midomo asicheke kwa furaha. Ndipo mlango wa pili ulipofunguka, akashuka mkewe, amevaa koti la mvua la mumewe na viatu vyake vya mpira.

Hata yeye.

Hakuizima kamera. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, na mtu huyu alikuwa akimuaga kila asubuhi kwa sauti ya upole, kisha anakuja kumfilisi. Aliisogeza picha karibu, karibu zaidi, mpaka uso wa mkewe ukajaa kwenye kioo, asije baadaye akakana kwamba ni yeye.

Wale wawili walilishusha pipa. Walilibeba kwa taabu, wakilitua na kulinyanyua tena, maji yakiwarukia vifuani. Walipofika ukingoni, mkewe alifungua kifuniko, akaliinamisha pipa taratibu, na mbele ya macho ya watu elfu kumi na mbili, perege wazima wakaanza kuteleza mmoja mmoja kuingia dimbwini.

"Mtie na yule mkubwa," alimwambia mdogo wake. "Jana hakucheka."