Sahani ya Bakri

Rukia alitenga sahani moja zaidi, ya mwanawe Bakri, na huku anajua Bakri amekufa.

Bushra, mdogo wake Rukia, ndiye aliyeleta habari alipofika kisiwani Koyama akiikimbia vita ya Kismayo. Risasi, sokoni. Rukia alilia kisimani mpaka akachoka, akanawa uso, akarudi nyumbani na bashasha. Afanyeje? Mumewe Fumo alikuwa kitandani, magoti yamevimba, ukiyagusa moto mtupu.

"Ni hofu imemshuka mwilini," mganga alisema. "Msimpe habari mbaya, zitammaliza."

"Mficha uchi hazai, dada," Bushra alimwonya. Rukia hakusikia la mtu.

"Baba Bakri, kijana yuko njiani. Akifika tu, twaondoka."

"Inshallah," Fumo alijibu, akageukia ukutani. Chakula hakukigusa.

Kila Bakri alipotajwa, magoti yalizidi. Usingizi ulimkimbia mzee, akawa anasema peke yake. Masikini, anamngoja mwanawe! Rukia akazidi kumtilia uongo: kapata boti, kaonekana kisiwani Kudhaa. Lo, ulimi wake mwenyewe ulimtisha!

Asubuhi moja ikasikika wenye bunduki wamefika kisiwa cha pili. Majirani wakabeba watoto na masufuria, mbio pwani, wavuke Kenya.

"Rukia, mtu hangoji bunduki!" jirani alipiga kelele. "Tumbebe Fumo, twende!"

Rukia alirudi ndani. "Baba Bakri, tuondoke?"

"Wewe wataka kumngoja?" Fumo aliuliza, macho ukutani. "Basi tutamngoja."

Hapo akakata shauri. Atamwambia ukweli, liwalo na liwe. Ila kwanza mwanawe asomewe hitima, asiachwe hivi hivi bila dua. Alikimbia msikitini, akamkuta Mwalimu Ghalib akifunga misahafu kwa kamba, tayari kwa safari.

"Mwalimu, nisomee hitima ya Bakri wangu. Kwa siri. Fumo asisikie kabla sijamwambia, atakufa."

Ghalib aliiacha kamba.

"Rukia, tulishaisoma. Fumo mwenyewe aliiomba, habari alizipata pwani kabla Bushra hajafika. Alituapisha tusikwambie, akasema moyo wako hautastahimili. Alitoka hapa akitembea mzima. Magoti yalimkamata mlangoni kwako."