Chipukizi wa Kwanza wa Bondeni

Zamani, wanyama walipocheza mpira kabla hawajaanza kulana ovyo, Nungunungu ndiye aliyewapanga chipukizi wa timu ya Bondeni, wa kwanza hadi wa mwisho.

Siku ya kutangaza, Mama Ngedere hakukalika. Mwanawe Kidede alirusha vizuri, lakini kudaka kulimshinda, na Nungunungu alitaka kumweka wa nne.

"Wa nne?" Mama Ngedere alifoka, sauti ikavuka mto. "Mwanangu anadaka hata nzi! Mweke wa kwanza, la sivyo leo hapalaliki!"

"Mama, nafasi ya kwanza ina mambo yake."

"Na mimi nayaweza!"

Nungunungu, aliyeogopa kelele kuliko simba, akamtangaza Kidede wa kwanza. Mama Ngedere akapiga vigelegele mpaka koo likamkauka.

Ndipo maji yakatikisika. Mamba, nahodha wa timu ya ng'ambo, akapanda ukingoni. Bondeni walikuwa wamemwomba mdakaji wake mkongwe kwa ajili ya fainali, naye alikubali kwa sharti moja tu: apewe chipukizi wao wa kwanza.

Vigelegele vikakatika. Mama Ngedere akamkumbatia mwanawe.

"Bwana Mamba, huyu hajui kudaka! Muulize Nungunungu, ni wa nne! Pengine wa mwisho!"

Mamba akatabasamu, meno yote nje.

"Nimuulize wa nini, mama? Umemnadi mwenyewe tangu asubuhi, na ng'ambo tumekusikia. Haya, Kidede, ingia majini."